Shangani ya Mtwara: Mtaa mtulivu unaosubiri wapangaji

MGENI anayefika Mtwara na kuuliza mahali pazuri pa kuishi, mara nyingi huelekezwa Shangani. Ni mtaa wa barabara pana, wenye miti mikubwa na nyumba zilizoachiana nafasi, na bahari iko karibu. Ng'ambo ya maji inaonekana Msangamkuu, ambako watu huvuka kwa kivuko cha MV Mafanikio. Kelele za soko na stendi hazifiki huku, na jioni wakazi hutembea ufukweni bila wasiwasi.

Kwa sababu hiyo wastaafu wengi, na watu wa Kusini wanaofanya kazi Dar es Salaam, hufikiria kununua kiwanja au nyumba hapa. Wengine wanataka kuishi, wengine wanataka kupangisha. Haya ni mambo mawili tofauti, na mtu anayeyachanganya anaweza kupoteza kiinua mgongo chake chote.

KARANGA, KISHA GESI

Historia ya mtaa huu inaeleza mengi kuhusu soko lake. Mtwara ya leo ilipangwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati wa Mpango wa Karanga uliolenga Nachingwea na maeneo mengine. Bandari ya kina kirefu ilijengwa, reli ikatandikwa, na viwanja vya maofisa vikapimwa Shangani. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga iliyokusudiwa kusafirishwa haikuwapo tena. Mapema miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa. Kilichobaki ni mji wenye barabara pana kuliko mahitaji yake.

Matarajio ya pili yalikuja na gesi. Gesi ya Mnazi Bay, karibu na Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982, lakini ilikaa ardhini zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kuzalisha umeme wa mji. Kuanzia mwaka 2010 kampuni za BG na Statoil zilipata gesi nyingi katika kina kirefu cha bahari, na Mtwara ikawa kituo cha meli za utafutaji. Wahandisi na wakandarasi walihitaji nyumba, na nyumba walizozitaka zilikuwa Shangani.

Pango lilipanda haraka. Wenye nyumba walikarabati, wakaweka viyoyozi, jenereta na matangi ya maji. Bei zilitajwa kwa dola, na malipo ya mwaka mzima yalidaiwa mbele. Waliokuwa na viwanja walikopa ili wajenge.

Mwaka 2013 mambo yalianza kubadilika. Januari na Mei mwaka huo kulitokea ghasia Mtwara, wananchi wakipinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na watu walipoteza maisha na mali. Bomba lilijengwa, likazinduliwa Oktoba 2015 pamoja na mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba. Wakati huo bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshaanguka tangu nusu ya pili ya mwaka 2014, na kampuni zilikuwa zinapunguza uchimbaji. Eneo lililochaguliwa kwa kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika lilikuwa Likong'o, mkoani Lindi. Wataalamu waliondoka mmoja mmoja, na mabango ya "nyumba inapangishwa" yakaonekana kwenye mageti.

HESABU YA MWENYE NYUMBA

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hatari ilipo. Tuseme mtu ametumia Sh. milioni 80 kununua kiwanja na kujenga nyumba, akaipangisha kwa Sh. 500,000 kwa mwezi. Nyumba ikikaliwa miezi yote 12 anapata Sh. milioni 6. Akitoa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani Sh. 600,000, na Sh. 900,000 za mlinzi na matengenezo, anabaki na Sh. milioni 4.5. Hiyo ni kama asilimia 5.6 ya fedha aliyoweka, na itamchukua karibu miaka 18 kurudisha mtaji.

Nyumba hiyo hiyo ikikaa tupu miezi minne kila mwaka, mapato yanashuka hadi Sh. milioni 4. Kodi inakuwa Sh. 400,000, lakini mlinzi hapunguzi mshahara na chumvi ya bahari haipumziki. Kinachobaki ni Sh. milioni 2.7, yaani asilimia 3.4, na mtaji utarudi baada ya karibu miaka 30. Kwa mstaafu wa miaka 60, hiyo ni hesabu ya wajukuu.

Kwa kulinganisha, hatifungani za serikali za muda mrefu zilizouzwa mwaka 2024 zililipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ni kweli kwamba ardhi inaweza kupanda thamani, na hatifungani hailaliwi ndani. Lakini ongezeko la thamani ya kiwanja halilipi ada ya shule mpaka apatikane mnunuzi, na Shangani wanunuzi wa nyumba kubwa ni wachache.

Waliojengea matumaini yao juu ya dola wamepata somo jingine. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilipiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi. Pango sasa ni shilingi.

NANI ANAPANGA

Soko halijafa. Kinachohitajika ni kujua mpangaji ni nani. Wapo watumishi wa serikali, wafanyakazi wa benki na wa bandari. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kimeongeza mafundi na madereva. Bandari iliongezewa gati jipya la mita 300 kwa mkataba wa mwaka 2017, na makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma yameipa kazi ambayo haikuwapo zamani.

Lakini moyo wa biashara ya mkoa ni korosho. Mnada unapoanza, kwa kawaida Oktoba, mji hubadilika. Wanunuzi na mawakala wao hufika, maghala hujaa, malori hupanga foleni na nyumba za wageni hukosa nafasi. Msimu ukiisha, mji hurudi katika utulivu wake. Mwenye nyumba anayetegemea watu wa korosho ana wapangaji wa miezi michache tu, na hata hao hutegemea hali ya msimu. Wenyeji hawajasahau mwaka 2018, bei ilipogombaniwa, serikali ikaamua kununua korosho yote kwa Sh. 3,300 kwa kilo na kutumia jeshi kuisomba. Malipo ya wakulima wengi yalichelewa, na maduka ya mjini yaliyumba pamoja nao.

Kwa anayetaka pango la uhakika, nyumba ndogo za vyumba viwili au vitatu ni salama kuliko jumba la Shangani. Wanachuo wa Stella Maris, wauguzi wa Ligula, na watumishi wa hospitali ya rufaa ya kanda iliyojengwa Mitengo hawana uwezo wa kulipa pango kubwa, lakini wapo mwaka mzima.

MIKINDANI NA UFUKWE WA RUVUMA

Wengine hutazama Mikindani, mji wa kale ulio umbali mfupi kutoka Mtwara, wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa na kufanywa hoteli, kazi iliyofanywa na shirika la Trade Aid la Uingereza. Ni mfano mzuri, lakini kukarabati nyumba ya mawe kunahitaji mafundi wanaojua chokaa, na faida yake hufuata watalii, ambao Kusini bado ni wachache.

Msimbati na mdomo wa Ruvuma ni jambo jingine. Fukwe zake ni nzuri sana, lakini eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na ujenzi una masharti yake. Pia ni jirani na Cabo Delgado ya Msumbiji, ambako mapigano yalianza mwaka 2017. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania wa mto, kilishambuliwa. Mwekezaji asiyelifikiria jambo hilo hajapiga hesabu yake vizuri.

HATI KWANZA, KIWANJA BAADAYE

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi afike ofisi ya ardhi ya manispaa na kuhakikisha hati ni ya nani, ina miaka mingapi iliyobaki, na kama kodi ya ardhi imelipwa. Ardhi ya kijiji huongozwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, na makubaliano na mzee mmoja chini ya mkorosho hayatoshi. Halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji vina nafasi zao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni zinazoweza kuharibu mazingira. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa.

Pia apige hesabu ya barabara. Saruji ipo mlangoni, lakini bidhaa nyingi nyingine za ujenzi husafiri zaidi ya kilometa 500 kutoka Dar es Salaam. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo upande wa Lindi, na Mtwara ikakaa siku kadhaa bila kufikika kwa gari kutoka Dar es Salaam.

Kwa ujumla, Shangani ni mahali pazuri pa mtu kujenga nyumba yake mwenyewe, kwa fedha yake mwenyewe, akae humo. Anayejenga ili apangishe ajenge nyumba ndogo, asikope kwa kutegemea gesi, na aweke akiba ya kutosha miezi minne bila mpangaji. Mradi wa Likong'o ukianza, atafaidi kama wengine. Usipoanza, bado atakuwa na nyumba isiyodaiwa na benki.