Mshale Mdogo Kwenye Folda

Omurushaka, njia panda ya Karagwe, duka la stesheneri halikosi mtu. Msimu wa kahawa ukifika, foleni hurefuka: karani wa chama cha msingi ana orodha ya wakulima na kilo zao za maganda, mwalimu ana mtihani wa kuchapa, kijana ana barua ya kuomba kazi. Kila mmoja kashika flashi, na flashi zote hupita kwenye tundu lilelile la kompyuta moja. Karani akirudi ofisini na kuchomeka yake, folda ya malipo ipo palepale, ila kwenye pembe ya picha yake kumeota mshale mdogo.

Huo mshale ndio habari yenyewe. Folda halisi imefichwa, na kilichobaki mbele ya macho ni shotikati. Ikibofywa, inafanya kazi mbili kwa mpigo: inaamsha kirusi, kisha inafungua folda kama kawaida, hata mwenyewe asishtuke. Mchezo huu una historia. Conficker, kirusi kilichoibuka mwishoni mwa 2008, kilipita pia kwenye flashi kwa kutumia tabia ya Windows ya kuendesha chenyewe kilichochomekwa. Mwaka 2011 Microsoft iliizima tabia hiyo kwenye Windows XP na Vista. Wenye virusi wakahamia kwenye kidole cha mtumiaji.

Sasa mwenye ofisi ya kompyuta tano, nyingi zikiwa za mtumba zenye RAM ya GB 4, anataka antivairasi ya bei nafuu isiyolemea mashine. Uzito unatoka wapi? Antivairasi husimama mlangoni mwa diski. Kila faili linalofunguliwa husimamishwa, likalinganishwa na alama za virusi vinavyojulikana, na mwenendo wake ukatazamwa. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea hakiwezi kuwa mahali pawili. Mlinzi anasoma huku, Excel inavuta kule. Ndiyo maana taa ya laptopu haitulii asubuhi. Fedha ya kwanza, basi, iende kwenye SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, kabla ya leseni yoyote.

Antivairasi yenyewe huenda tayari ipo. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender bila malipo ya ziada. Katika majaribio ya AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, ambayo matokeo yake husomwa bure, Defender imekuwa ikizuia virusi vizuri, ingawa kwa wepesi imewahi kuachwa nyuma na ESET, McAfee na K7. Ulaji wake unaweza kupunguzwa: ukaguzi uliopangwa huruhusiwa hadi asilimia 50 ya prosesa, na fundi anaweza kuushusha hadi 20 na kuupangia saa ya chakula cha mchana. Antivairasi nyingi za bure zinazosifiwa vijiweni, Avast Free ikiwemo, zimeruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani, si ya biashara. Kuhusu zile za kukraki, inatosha kusema kwamba mara nyingi maelekezo yake ya kwanza ni kuzima antivairasi.

Kuweka mbili kwa pamoja si kujihami maradufu. Hugombania faili lilelile, na mashine hulala.

Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ofisi ndogo ya Nkwenda au ya Murongo mpakani mwa Uganda ikitegemea bando la simu, mzigo mwingine hujitokeza. Kompyuta tano zikishusha alama zilezile, bando linaliwa mara tano. Windows ina mpangilio unaoruhusu kompyuta za mtandao mmoja wa ndani kugawana kilichokwisha kushushwa. Vinginevyo, Microsoft hutoa faili la alama linaloshushwa mara moja na kubebwa kwa flashi, safi safari hii, kutoka mashine hadi mashine.

Alama peke yake hazitoshi mashine zikiwa zimeunganishwa. Kirusi cha WannaCry kilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kufikia nchi zaidi ya 150, kiliruka chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia ufa wa Windows ambao kiraka chake kilitolewa Machi mwaka huohuo. Windows 10 iliacha kupata viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake bado inaletewa alama mpya, lakini hiyo ni sawa na mlinzi mwenye picha za wezi wote katika nyumba ambayo ukuta wake hauzibwi tena.

Ofisi ikishachagua, kuna jaribio lisilo na gharama. Faili la EICAR ni mstari wa herufi 68 usio na madhara yoyote, uliotungwa ili kila antivairasi iutambue kama kirusi. Fundi huuandika kwenye Notepad na kuuhifadhi kwenye kompyuta ya karani. Likinyakuliwa papo hapo, mlinzi yu macho. Likibaki limetulia kwenye desktopu, flashi ya karani isirudi Omurushaka kwanza.