"The Gambler": Wimbo Uliomsubiri Msimulizi Wake

Kenya, ambako muziki wa kantri una wapenzi wa kufa na kupona, wimbo wa "The Gambler" unajulikana kwa sauti ya Kenny Rogers, na wengi hudhani ndiye aliyeutunga. Sivyo. Wala hakuwa wa kwanza kuurekodi.

Mtunzi ni Don Schlitz. Agosti 1976 alikuwa kijana wa miaka 23, akifanya kazi zamu ya usiku kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville. Siku moja, akirudi nyumbani kwa miguu baada ya kuonana na mtunzi mwenzake Bob McDill, wimbo karibu wote ulimjia njiani. Mwisho wake ndio uliomsumbua kwa wiki kadhaa.

Kuuza wimbo huo hakukuwa rahisi. Hauna mapenzi, hauna mwanamke. Wanaume wawili wasiojuana wanakutana usiku ndani ya treni. Mzee mcheza kamari anaomba pombe na sigara, analipa kwa ushauri, kisha anakata roho akiwa usingizini. Kiitikio hakisikiki mpaka beti tatu ndefu zipite, na redio hazina subira hiyo. Mwaka 1978 Bobby Bare aliurekodi, haukuvuma. Schlitz akautoa mwenyewe, ukaishia nafasi ya 65 kwenye chati ya kantri. Johnny Cash naye aliurekodi mwaka huohuo.

Kwa nini Cash, jabali la kantri, asiumiliki? Kwa sikio langu, tatizo ni sauti yenyewe. Besi yake ni nzito mno, imejaa mamlaka. Ukimsikiliza unadhani yule mzee ndiye anayeimba. Lakini anayesimulia si mzee, ni abiria aliyemsikiliza. Rogers, akiwa na miaka 40, alikuwa na sauti ya mkwaruzo na ya karibu, ya mtu anayekusimulia jambo lililompata. Prodyuza Larry Butler alilielewa hilo. Rekodi inaanza na gitaa tulivu, vyombo vinaongezeka kidogo kidogo, halafu katikati ya simulizi wimbo mzima unapanda nusu toni. Msikilizaji anahisi tu kwamba mambo yamepamba moto, bila kujua amefanywa nini. (Ufundi huu wa kupandisha toni hutumiwa ovyo na wengi, hapa umetumika mahali pake.)

Wimbo ulishika namba 1 kwenye chati ya kantri na kufika namba 16 kwenye chati kuu ya Marekani. Ulileta tuzo mbili za Grammy, moja ya Schlitz kwa utunzi, nyingine ya Rogers kwa uimbaji, na mwaka 1980 ukazaa filamu ya televisheni ambamo Rogers mwenyewe aliigiza mcheza kamari. Rogers alifariki Machi 2020.

Ukipata nafasi, sikiliza rekodi ya Cash kwanza, kisha ya Rogers, na uamue mwenyewe nani alikuwa ndani ya treni ile.