Nyama choma: Moto unaowakutanisha walio mbali na kwao

DAR ES SALAAM ni jiji la watu waliotoka kwingine. Hata jina la Kariakoo linashuhudia hilo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliokuwa na kambi katika eneo hilo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Ukipita Kariakoo, Kisutu au Upanga nyakati za jioni, moshi wa mkaa hukupokea kabla hujaliona jiko. Kwenye meza moja unaweza kumkuta Msukuma, Mchagga, Mpemba na mgeni aliyekuja kufanya kazi kutoka ng'ambo. Kwa nini mtu aliye mbali na kwao hutafuta nyama choma na marafiki, ilhali vyakula vya kuiva haraka vimejaa kila kona?

Jibu linaonekana vizuri kwa Waargentina. Kwao nyama choma huitwa asado. Huchomwa taratibu juu ya makaa, aghalabu kwa chumvi tu, na walaji hukusanyika muda mrefu kabla haijaiva. Ikiisha kuiva, ni desturi kumpigia makofi mchomaji. Mwargentina aishiye ugenini anaweza kununua nyama popote. Asichoweza kununua ni watu wa kusubiri naye.

Desturi hiyo haiko mbali na yetu. Hapa pia mteja huchagua nyama yake, kisha huketi na wenzake. Saa nzima inaweza kupita kabla sinia halijafika, na ndipo habari za nyumbani, kazi na mpira zinapozungumzwa.

Tofauti iko kwenye nyama yenyewe. Ng'ombe wengi wanaofikishwa kwenye mnada wa Pugu hutoka mikoa ya bara, na wengi wao ni zebu wa kienyeji waliokua wakitembea mbali kutafuta malisho na maji. Nyama yao ni tamu, lakini ni ngumu na haina mafuta mengi.

Ndiyo maana wapishi wa mishikaki huikata vipande vidogo na kuiloweka katika tangawizi, kitunguu saumu, limau na papai bichi lililopondwa. Utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hulainisha nyama kwa kuvunja protini zake. Saa chache zatosha. Ikikaa mno, nyama hupondeka.

Kwa hiyo, mgeni aliyezoea kuchoma pande kubwa lisilotiwa viungo asimlaumu mwenye bucha. Aombe mbavu, asubiri makaa yafunikwe na majivu meupe, kisha achome kwa moto mdogo. Badala ya chimichurri, mchuzi wa Kiargentina wa majani, kitunguu saumu, siki na mafuta, kachumbari yenye limau na pilipili itamfaa.

Hata hivyo, moto pekee hauwakutanishi watu. Katika jiji lenye waumini wa dini mbalimbali, mwandaaji hana budi kuuliza mapema nani anakula nini. Nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu huwawezesha walaji wengi kuketi pamoja. Nyama ya nguruwe, maarufu kama kitimoto, haifai kuchomwa kwenye wavu mmoja na nyama ya Waislamu. Wapo pia Wahindu wasiokula ng'ombe, na wengine wasiogusa nyama kabisa; hao watengewe mahindi, mihogo na ndizi za kuchoma. Kuuliza hivyo si ubaguzi, bali ni heshima.

Aidha, gharama zisimwelemee mtu mmoja. Utaratibu wa kuchanga, huyu akileta nyama, yule mkaa na mwingine vinywaji, humwezesha hata mwenye kipato kidogo kuketi bila kujiona mzigo.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Penye jiko la nyama choma, jembe hilo ni kipepeo cha kupepea makaa au kisu cha kukatia vitunguu. Aliyepewa kazi hiyo hahesabiwi tena kuwa mgeni. Amekuwa mmoja wa wenyeji.