California Haitazama, Lakini Pwani Hushuka

Kwa miaka mingi Wamarekani wametishana kwamba siku moja tetemeko kubwa litaikata California na kuitosa katika Bahari ya Pasifiki. Habari hiyo ilipewa nguvu na wafuasi wa Edgar Cayce, mtabiri aliyefariki mwaka 1945. Mwaka 1968 Curt Gentry aliiandikia kitabu, na Aprili 1969 baadhi ya watu walifunga virago wakahama kwa hofu. Katika filamu ya Superman ya mwaka 1978, mhalifu Lex Luthor anapanga kurusha kombora kwenye San Andreas, ufa wa ardhi unaopita California, ili upande wa magharibi uzame, na jangwa alilolinunua kwa bei ya kutupa liwe ufukwe. Kibiashara ni mpango wa akili. Jiolojia yake ndiyo mbovu.

Ufa huo una urefu wa kilomita 1,200 hivi, na pande zake haziachani. Zinasuguana ubavu kwa ubavu. Bamba la Pasifiki, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la juu la dunia, lililobeba Los Angeles, linapishana na bamba la Amerika Kaskazini kwa karibu sentimita 5 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mwendo huo hupita kwenye San Andreas. Ushahidi ulionekana wazi baada ya tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906. Ufa ulichanika kwa zaidi ya kilomita 400, na katika mashamba ya kaunti ya Marin ua uliokuwa umenyooka ulikatika, kipande kimoja kikakutwa mita kadhaa pembeni ya kingine. Vipande vyote viwili vilibaki nchi kavu. Wala hakuna pango chini ya California linalongoja kuimeza. Ganda la bara ni mwamba wenye unene wa makumi ya kilomita, nao ni mwepesi kuliko mwamba ulioubeba. Hauna pa kuangukia.

Mbishi atauliza: mbona Port Royal ilizama? Ni swali la haki. Tarehe 7 Juni 1692 tetemeko liliupiga mji huo wa bandari wa Jamaika, na karibu theluthi mbili yake ikaingia baharini kwa dakika chache. Lakini mji ulikuwa umejengwa juu ya ulimi wa mchanga uliojaa maji. Mchanga wa namna hiyo ukitikiswa, chembe zake huachiana, uzito wote hubebwa na maji, na ardhi hugeuka uji. Nyumba za matofali zikadidimia, ukingo wa mchanga ukaporomokea baharini. Kisiwa chenyewe kipo palepale. San Francisco nayo ina mitaa ya aina hiyo. Marina, uliojengwa juu ya kifusi kilichojaziwa ufukweni, uliharibika vibaya katika tetemeko la Loma Prieta mwaka 1989, ingawa kitovu kilikuwa umbali wa karibu kilomita 100.

Anayetaka kuona pwani iliyoshuka kweli, tena kwa mkanda wa mamia ya kilomita, aende kaskazini zaidi. Kuanzia kaskazini mwa California hadi Kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, sakafu ya bahari inajipenyeza chini ya bara. Mabamba hayo mawili yamekwamana. Kwa karne kadhaa la chini linaliburuta la juu, na pwani inabinywa na kunyanyuka kidogo kidogo. Siku yanapoachiana, ukingo ulio baharini hufyatuka na kusukuma maji, huku pwani iliyovimba ikishuka papo hapo. Kandokando ya mto Copalis, jimbo la Washington, ushahidi umesimama wima: mierezi iliyokufa, mikavu, ya kijivu, katikati ya bwawa la maji ya chumvi ambamo mwerezi hauwezi kuota. Katika miaka ya 1980 mwanajiolojia Brian Atwater alizichunguza kingo za mito ya pwani hiyo. Alikuta udongo mweusi wa zamani ukiwa bado na mizizi, juu yake tabaka la mchanga, na juu ya mchanga tope la bahari. Yaani ardhi ilishuka, wimbi likaleta mchanga, kisha maji yakaanza kujaa na kupwa palipokuwa na nchi kavu. Pete za miti zilionyesha kwamba mierezi ilikufa kati ya Agosti 1699 na Mei 1700. Ng'ambo ya pili ya Pasifiki, Wajapani walikuwa wameandika habari za tsunami iliyowafikia Januari 1700 bila mtu kuhisi mtetemo wowote. Kenji Satake na wenzake walirudisha hesabu nyuma kutoka saa wimbi lilipofika, wakaangukia usiku wa tarehe 26 Januari 1700, na tetemeko lenye ukubwa wa karibu 9.

Sasa tazama kiasi. Tetemeko hilo, miongoni mwa makubwa kabisa yanayojulikana, liliishusha pwani kwa kati ya nusu mita na mita 2. Nchini Japani, katika tetemeko la tarehe 11 Machi 2011, rasi ya Oshika ilishuka mita 1.2 na kusogea zaidi ya mita 5, na mitaa ya Ishinomaki ikawa inaingiliwa na maji kila yanapojaa. Anayedhani mita moja si kitu hajawahi kuliona bamvua kwenye pwani tambarare. Ubaya wa hadithi ya kuzama kwa jimbo zima ndio huo: inamzoesha mtu kungojea kiyama, hata mita moja ya kweli, inayofuatwa na wimbi, akaiona ndogo.

Tena pwani hushuka bila tetemeko. Huko huko California, katika mji wa Long Beach, ardhi iliyo juu ya hifadhi ya mafuta ya Wilmington ilididimia kwa karibu mita 9 katikati ya karne ya 20 kwa sababu mafuta yalinyonywa. Ilitulia baada ya maji kusukumwa chini kushika nafasi ya mafuta. Mkono wa binadamu ulifanya pale kazi ambayo San Andreas haijaifanya.

Kwetu hadithi hii ina nduguye. Machi 2018 mpasuko ulitokea karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, na mitandao ikatangaza kwamba Afrika inakatika. Bonde la Ufa linapanuka kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Shimo lile, kwa maelezo ya wanajiolojia wengi, lilichimbwa na mvua kubwa iliyosomba udongo wa majivu ya volkano. Hatari iliyokwisha kutufikia ilitoka mbali. Tsunami ya Sumatra ya tarehe 26 Desemba 2004 ilivuka Bahari ya Hindi kwa saa kadhaa, ikaua karibu watu 300 Somalia, na wengine Tanzania na Kenya. Aliye Mombasa, Tanga au Dar es Salaam asingoje ardhi itikisike ndipo aamini. Tahadhari ikitolewa, au bahari ikipwa ghafla nje ya saa zake, aache kuokota samaki, apande mahali pa juu, na asirudi ufukweni baada ya wimbi la kwanza, kwa kuwa yanayofuata huweza kuwa makubwa zaidi.