Wikiendi ya Wawili: Gombe na Ujiji kwa Miguu

Msomaji wangu wa Kasulu au Kibondo, mtoko si lazima Zanzibar. Teremkeni ziwani, wewe na mwenzio! Kutoka Kigoma mjini boti inawafikisha Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968. Mnapanda milima na mwongoza wageni, mkiwatafuta sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza 1960. Ila mwenye mafua abaki, jamani. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu, na yamewahi kuwaua. Mume wangu aliamka anakohoa, nikaahirisha safari. Akanuna mpaka jioni. Bora anune.

Kesho yake tulizunguka Ujiji, tukaona alipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Tulipoelezwa habari za watumwa waliotembezwa kutoka hapo hadi Bagamoyo, alinishika mkono, kimya.