Asilimia ya Kompyuta Si Hukumu

Swali lililozoeleka Morogoro na Dar es Salaam sasa linasikika pia mkoani Katavi, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe: "Kazi yangu imesoma asilimia ngapi?" Anayeuliza amepitisha ripoti yake kwenye Turnitin au programu nyingine ya kutafuta maandishi yanayofanana, na anaisubiri namba kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Ikiwa ndogo, anashukuru. Ikiwa kubwa, anaanza kubadilisha maneno hadi ishuke.

Namba hiyo haipimi wizi. Programu inalinganisha mfuatano wa maneno na maandishi yaliyomo kwenye hifadhi yake, kisha inaonyesha yanayofanana. Orodha ya marejeleo hufanana. Majina ya sheria na maelezo ya vipimo vya maabara hufanana pia. Mtu anaweza kupata asilimia 25 bila kuiba chochote, na mwingine akapata 6 ilhali aya aliyoinakili ndiyo iliyobeba hoja yake yote. Ndiyo maana hakuna kiwango kimoja kinachokubalika duniani kote, na ripoti ya programu ni lazima isomwe na mtu.

Kazi hiyo ya kusoma iliwahi kufanywa kwa uangalifu kwa majarida ya tiba ya Afrika. Utafiti uliotoka mwaka 2018 katika jarida la BMJ Open ulichunguza makala 495 za mwaka 2016 kutoka majarida 100. Baada ya kuondoa mfanano usio na kosa, watafiti walikuta maandishi yaliyonakiliwa isivyo halali katika asilimia 63 ya makala. Nyingi kati ya hizo zilikuwa na sentensi chache tu zilizonakiliwa. Takriban asilimia 17 ya makala zote ndizo zilizokuwa na unakili mkubwa. Tena unakili ulijaa kwenye utangulizi na mjadala, si kwenye matokeo.

Hapo pana funzo. Mara nyingi mtafiti amekwenda porini mwenyewe na takwimu ni zake. Anachokosa ni ujasiri wa kueleza kwa Kiingereza yale yaliyokwisha kusemwa na wengine, basi anaazima sentensi na kuipaka rangi. Chukua mfano huu wa kubuni. Chanzo kinasema: "Mavuno ya asali hupungua pale misitu ya miombo inapokatwa kwa ajili ya mashamba." Mwandishi anaandika: "Mazao ya asali hushuka mahali miombo inapofyekwa kwa ajili ya kilimo." Programu huenda isione kitu, lakini mifupa ya sentensi ni ileile na mwenyewe hakutajwa. Kosa lipo palepale.

Programu ina upofu mwingine unaotuhusu zaidi. Anayetafsiri makala ya Kiingereza na kuiwasilisha kwa Kiswahili kama yake anaweza kupita bila kushtukiwa. Vivyo hivyo anayenakili ripoti ya zamani iliyopo kabatini, kwenye karatasi tu, kwa kuwa kompyuta haiwezi kulinganisha kisichoingizwa ndani yake.

Kinga huanzia kwenye daftari. Unapodondoa maneno ya mtu, yafunge kwa alama za mtajo na andika ukurasa papo hapo. Unapotaka kufafanua, soma, funga kitabu, andika ulivyoelewa, kisha rudi kulinganisha. Mtaje mwenye wazo hata kama maneno ni yako. Ukitumia tena aya za makala yako ya awali, sema hivyo, kwani msomaji na mhariri wanaamini wanasoma jambo jipya. Wala usijitetee kwa kusema hakimiliki ya kitabu imekwisha: hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, na kwa muda maalumu. Deni la kumtaja mwenye wazo halina tarehe ya mwisho.

Tuhuma ikizuka, haraka ni adui wa haki. Mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, unamtaka mhariri kwanza apime ukubwa wa unakili, kisha amwandikie mwandishi na kumpa nafasi ya kujieleza. Sentensi chache za utangulizi zinaweza kumalizwa kwa kurekebisha na kutaja chanzo. Aya nyingi, au takwimu za mtu mwingine, ni kesi ya kukataa makala na kukiarifu chuo cha mwandishi. Kama makala imekwisha kuchapishwa, hutangazwa kuwa imebatilishwa. Kwa kawaida haifutwi: hubaki mahali pake ikiwa na alama na sababu, ili aliyeitegemea ajue.

Msimamizi naye asijifiche nyuma ya namba. Achague aya moja nzito ya mjadala na kumwomba mwanafunzi amweleze kwa mdomo ilikotoka na kwa nini anaikubali. Aliyeiandika atajibu, hata kama kwa kusitasita. Asiyeweza arudishwe akaisome na kuiandika upya, kabla kosa hilo halijachapishwa jaridani na jina lake juu yake.