Mchoro Usioharibika Ukikuzwa

Chukua karatasi yenye miraba. Chora duara kwa bikari, kisha paka rangi kila mraba unaopitiwa na mstari. Je, miraba hiyo imefanya duara laini? La, ukingo wake una vidato kama ngazi.

Picha nyingi za kompyuta huhifadhiwa hivyo, kwa vinukta. Picha yenye vinukta 100 kila upande ina vinukta 10,000. Ukiikuza sana, vidato huonekana.

Mchoro wa vekta huhifadhiwa kwa maelezo. Duara lahitaji namba 3 tu: 2 za kuonyesha mahali pa kitovu, na 1 ya nusu kipenyo. Kompyuta hulichora upya kila mara, nalo hubaki laini hata likikuzwa. (Picha ya uso wa mtu yafaa zaidi kwa vinukta, kwani rangi zake ni nyingi mno.)

Mchoraji anayetayarisha mchoro huo kwa ukurasa wa intaneti hufuta kwanza pointi za mistari zisizo na kazi. Kila pointi ina namba zake, na mchoro wenye namba nyingi huchelewa kumfikia msomaji. Maneno huyageuza kuwa mistari. Asipofanya hivyo, kompyuta isiyo na herufi za namna ile itaweka nyingine, na jina la mji laweza kuangukia baharini katika ramani. Kisha huuhifadhi kwa mtindo uitwao SVG, uliokubaliwa mwaka 2001.